Je, wajua kwa nini sushi inaweza kuliwa Dodoma, mbali na bahari?

Mama mdogo anauza samaki wa Bwawa la Mtera pale Soko la Majengo. Siku nilipomwambia kwamba upande wa Ilazo umefunguliwa mgahawa wa sushi, aliacha kupaa magamba, akaniangalia usoni.

"Samaki mbichi? Hapa Dodoma? Mwanangu, huyu perege kavuliwa jana na bado namhangaikia kwa barafu. Huyo wa baharini kalala siku ngapi njiani?"

Ni swali la mtu anayemjua samaki. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni kilomita kama 450 kwa barabara, na jua la Oktoba kila mkazi wa Dodoma analijua. Tangu Serikali ianze kuhamia huku kwa kasi mwaka 2016, na mji kupandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, watu wamekuja na ladha walizozizoea kwingine, kwa hiyo vyakula vigeni havitushangazi tena. Ila samaki asiyeiva ni jambo jingine. Huyo anahitaji maelezo.

Tuanze na jina, maana ndipo wengi tunapokosea. Sushi si samaki mbichi. Sushi ni wali uliotiwa siki, sukari na chumvi kidogo, kisha ukaambatanishwa na kitu kingine. Kitu hicho chaweza kuwa kamba waliochemshwa, mkunga wa kuchoma, yai, tango au parachichi. Samaki mbichi anayeletwa peke yake, bila wali, Wajapani wanamwita sashimi. Kwa hiyo mtu anaweza kula sushi jioni nzima akashiba bila kugusa kipande kibichi hata kimoja.

Na chakula hiki hakikuzaliwa kwa ajili ya watu wanaoishi ufukweni wenye samaki wa asubuhi. Kilizaliwa kwa sababu samaki huharibika. Zamani, samaki alitiwa chumvi, akashindiliwa ndani ya wali uliopikwa, akaachwa miezi. Wali ule ulichacha, na uchachu wake ukazuia samaki asioze. Kazi hiyo hufanywa na bakteria wa jamii ileile inayogandisha maziwa yetu na kuchachusha togwa. Wakati wa kula, wali ulitupwa, samaki akaliwa. Mpaka leo kandokando ya Ziwa Biwa, bara huko Japani, bado wanatengeneza sushi ya namna hiyo kwa samaki wa ziwani, na harufu yake ni kali kama ya jibini lililokaa sana. Ukiifikiria, ni akili ileile iliyowaletea babu zetu papa wa ng'onda kutoka pwani: aliyefika bara hakuwa fresh, alikuwa ametayarishwa kwa safari.

Sushi tunayoiona leo, tonge dogo la wali lenye kipande cha samaki juu, ni ya juzi. Ilienea mjini Edo, ndiyo Tokyo ya sasa, mnamo miaka ya 1820, na mpishi anayetajwa zaidi katika habari hiyo ni Hanaya Yohei. Watu walikuwa na haraka, hawakutaka kungoja wali uchache wenyewe, wakautia siki. Friji halikuwapo, kwa hiyo samaki alilowekwa kwenye mchuzi wa soya au siki, au alipikwa kidogo. Ubichi tunaouogopa umekuja kushamiri baada ya barafu na umeme.

Hapa ndipo jibu la mama mdogo lilipo. Samaki mbichi ana hatari za aina mbili, na kila moja ina dawa yake.

Hatari ya kwanza ni minyoo. Samaki wengi wa baharini hubeba vijiminyoo vyembamba kama uzi vinavyoitwa anisakisi, na vikiingia tumboni mwa binadamu vikiwa hai huleta maumivu makali. Siki haiviui kwa uhakika, na wasabi, kile kiungo kikali cha kijani kinacholiwa na sushi, haiviui kabisa. Baridi kali ndiyo huviua. Mwongozo wa Marekani unataka samaki wa kuliwa mbichi agandishwe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, au agandishwe kwa nyuzi 35 chini ya sifuri na kukaa katika baridi hiyo kwa saa 15. Jodari wakubwa wameruhusiwa kupita bila sharti hilo kwa sababu minyoo hiyo kwao ni nadra, lakini wengi wao hugandishwa hata hivyo. Kwa maneno mengine, samaki wa sushi aliyewahi kuganda si samaki wa daraja la chini. Mara nyingi kuganda huko ndiko kunakomfanya afae kuliwa.

Friza la nyumbani halitoshi kwa kazi hii. Kwanza, mara nyingi halifiki baridi hiyo. Pili, linagandisha polepole, na maji yaliyomo ndani ya nyama yakiganda polepole hufanya chembe kubwa za barafu zinazochana nyama. Ukimwachia ayeyuke, samaki anakuwa teketeke na anatoka maji. Meli za jodari hugandisha kwa nyuzi 60 chini ya sifuri, haraka, nyama ikabaki nyekundu na imara kwa miezi. Meli za Japani huvua hata katika Bahari ya Hindi hii yetu, kwa hiyo kipande anacholaza mpishi wa Tokyo juu ya wali chaweza kuwa kimesafiri mbali sana kuliko kile cha Ilazo. Kilomita si hoja sana. Hoja ni kama baridi ilikatika njiani.

Na baridi ikikatika, inaingia hatari ya pili, ambayo naiogopa zaidi. Jodari, nguru na vibua wakipata joto, bakteria hutengeneza ndani ya nyama kitu kinachoitwa histamini. Uso unawaka, kichwa kinauma, mwili unawasha, moyo unakwenda mbio. Histamini ikishaingia haitoki, ukaange, uchemshe au ugandishe upya. Ukihisi jodari anawasha ulimi kama pilipili wakati hajatiwa pilipili, mteme.

Vipi basi perege na kambale wa Mtera, waliopo jirani na bei yake nafuu? Hapana, na nalisema hili kwa moyo wote kwa sababu najua kuna kijana mahali fulani atakayetaka kujaribu nyumbani. Samaki wa maji yasiyo na chumvi wanaweza kubeba minyoo mingine, wakiwamo wa aina zinazofikia ini au kukaa utumbo kwa miaka. Samaki wa Mtera ni mtamu, lakini utamu wake uko kwenye kikaango na kwenye mchuzi.

Salmoni ni mfano mzuri wa jinsi mambo haya yanavyokwenda. Wajapani hawakuwa na desturi ya kumla mbichi, wakiogopa minyoo ya salmoni wao wa Pasifiki. Wanorwe ndio walioanza kuwashawishi katika miaka ya 1980 kwa salmoni wa kufugwa, anayelishwa chakula cha kiwandani na kwa hiyo mara chache sana kukutwa na minyoo.

Wali nao una siri yake, kinyume cha jikoni kwetu. Sisi tunamsifu mpishi ambaye wali wake umechambuka, punje na punje. Sushi inataka mchele mfupi, mnene, wenye wanga unaonata, kwa sababu mchele wa Kyela utakuangukia mezani kabla haujafika mdomoni. Nilimtazama yule mpishi wa Ilazo: aliloweka vidole kwenye bakuli la maji na siki, akachukua wali wa vuguvugu kiasi cha yai dogo, akaubana mara tatu, akaacha. Angeubana zaidi ungekuwa kama ugali.

Jumamosi nilimchukua mama mdogo twende naye. Hakukaa kwanza. Alikwenda moja kwa moja kaunta.

"Shikamoo mama," kijana alisema.

"Marahaba. Umeme ukikatika usiku, samaki wako analala wapi?"

Kijana hakusita. Alifungua mlango wa nyuma, akamwonyesha jenereta, kisha friza lenye kipimajoto mlangoni na daftari lililoning'inia kwa kamba, limeandikwa nyuzi joto za asubuhi na jioni kwa kalamu ya bluu. Mama mdogo alifunua kurasa mbili za nyuma, akazisoma zote. Ndipo akavuta kiti, akaagiza ya kamba na parachichi.