Ping haipimi upana wa laini

"Ping yangu ni 18, mbona video inakwama?" Nimeulizwa tena wiki hii, na muulizaji alikuwa na hakika kabisa kwamba 18 ndiyo kasi ya intaneti yake.

Ping ni amri ya kompyuta. Unaiandika pamoja na jina au anwani ya mashine nyingine, kompyuta yako inatuma pakiti ndogo (kifurushi cha data) ya kuomba mwangwi, kisha inahesabu muda hadi jibu lirudi. Basi. Hiyo 18 ni milisekunde za kwenda na kurudi.

Jina lenyewe lingetosha kuondoa utata. Mike Muuss aliiandika amri hii Desemba 1983, akiwa kwenye maabara ya utafiti ya jeshi la Marekani, mtandao ulipomsumbua. Alieleza mwenyewe kwamba jina alilitoa kwenye mlio wa sonari ya nyambizi: ping! Mlio unapenya majini, unagonga kitu, unarudi, na mabaharia wanakadiria umbali kwa muda uliopita. (Wanaoapa kwamba ni kifupisho cha Packet InterNet Groper wamepokea maneno yaliyobandikwa baadaye.)

Sasa, mlio uliorudi unakwambia mwamba uko mbali kiasi gani. Haukwambii mlango wa bandari unapitisha meli ngapi kwa pamoja, na huo ndio upana wa laini: data kiasi gani inapita kwa sekunde.

Tazama pakiti yenyewe. Kwenye Windows inabeba baiti 32 za data, inatumwa mara nne, kwisha. Kwenye Linux ni baiti 56, na haikomi mpaka ubonyeze Ctrl na C. Baiti 32 hazifiki hata urefu wa sentensi hii. Utapimaje bomba kwa tone? Na kinyume chake pia kipo: setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta inaweza kukuteremshia filamu vizuri tu, lakini mwangwi unapanda na kushuka wakati wa kwenda, kisha tena wakati wa kurudi, jumla zaidi ya kilomita 143,000, kwa hiyo ping haishuki chini ya karibu nusu sekunde. Filamu utaitazama, mchezo wa kurushiana risasi utakufa kabla hujamwona adui.

Ukitaka ping ikusaidie kweli, iache iendelee wakati video inacheza. Ikiruka kutoka 18 hadi 400, huenda laini imejaa na pakiti zinapanga foleni kwenye ruta. Hapo imekupa fununu, ingawa upana bado haijaupima.

Kimya nacho kinasomwa vibaya. Ujumbe "Request timed out" (muda wa kusubiri jibu umekwisha) hauna maana kwamba seva, yaani mashine uliyoiulizia, imekufa. Nyingi zimeamriwa zisijibu ping, na tovuti zake zinafunguka kama kawaida.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa 18: sema "mwangwi wangu unarudi kwa milisekunde 18", na hongera, ni mzuri. Kasi ya kushusha video iulizie kwenye megabiti kwa sekunde.