PSA ikishuka, saratani ya tezi dume imekwisha?

Mgonjwa wa saratani ya tezi dume akianza sindano za kuzima homoni za kiume, PSA yake, yaani protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, mara nyingi huporomoka ndani ya miezi michache. Hapo ndipo wengine hupotea kliniki. Kutoka Kondoa au Mpwapwa hadi Dodoma mjini ni nauli na siku nzima ya kazi, na majibu ya maabara yanaonekana kusema amepona. Hayasemi hivyo.

Testosteroni, ambayo nyingi hutoka kwenye korodani, ikiingia ndani ya seli ya tezi dume hugeuzwa kuwa DHT, homoni kali zaidi. DHT hunasa kwenye protini iitwayo kipokezi cha androjeni. Kipokezi hicho huingia kwenye kiini cha seli, hushika DNA mahali maalumu na kuwasha jeni. Baadhi ya jeni hizo huamuru seli igawanyike. Nyingine, KLK3, ndiyo inayotengeneza PSA yenyewe.

Kwa hiyo homoni ikizimwa, seli nyingi za saratani hufa au hudumaa, na zilizobaki hukosa amri ya kutoa PSA. Kipimo hakitofautishi mambo hayo mawili. Ndiyo maana mzee anayemeza finasteridi kwa ajili ya tezi iliyotanuka bila saratani lazima atuambie: dawa hiyo huzuia DHT kutengenezwa, na baada ya miezi sita hivi PSA hupungua karibu nusu. PSA yake ya 3 tunaisoma kama 6.

Charles Huggins alionyesha nchini Marekani mwaka 1941 kwamba kuondoa korodani hurudisha nyuma saratani hii, akapata Nobel mwaka 1966. Upasuaji huo bado unafanyika, na gharama yake ni ya mara moja. "Mnataka kunifanya maksai?" aliniuliza mfugaji mmoja. Swali la haki kabisa. Nilimwambia sauti haitabadilika, ila hamu ya tendo itapungua sana na joto la ghafla litamsumbua. Akachagua sindano, ambazo nazo huleta hayohayo.

Baadaye PSA inaweza kupanda ilhali testosteroni iko chini. Seli zimeongeza vipokezi, au zinajitengenezea homoni, au zimetoa kipokezi kilichokatika, AR-V7, kisicho na sehemu ya kunasia homoni na hivyo hujiwasha chenyewe. Dawa za abirateroni na enzalutamidi husaidia wengi hatua hii, lakini AR-V7 huzipiga chenga.

Ukipata maumivu mapya ya mgongo, miguu ikilegea au mkojo ukiziba, usisubiri tarehe ya sindano. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama PSA ya mwisho ilikuwa chini.