Shule ya sarufi ya Uingereza ni nini hasa? Mfano wa mji wa Grantham

Grantham ni mji wa kawaida tu katika mkoa wa Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, kwenye reli itokayo London kwenda kaskazini. Una shule mbili za sekondari ambazo kila mzazi wa pale anazijua: The King's School ya wavulana, na Kesteven and Grantham Girls' School ya wasichana. Ya kwanza ilimsomesha Isaac Newton, ya pili Margaret Thatcher. Zote ni za serikali na mzazi halipi ada, ila mtoto haingii kidato cha kwanza mpaka awe amefaulu mtihani anaoufanya mwanzoni mwa mwaka wa mwisho wa shule ya msingi. Hizo ndizo shule za sarufi.

Msomaji wa Tanzania atakumbuka Ilboru, Kibaha au Kilakala, zile za vipaji maalumu. Amekaribia, lakini kuna tofauti mbili kubwa. Shule ya sarufi ya leo kwa kawaida ni ya kutwa, na watoto wake hutoka mjini na vijiji vya jirani, hawachaguliwi nchi nzima. Pia, katika wilaya zenye mfumo huu, mtihani hauchukui vinara wachache na kuwaacha wengine wote katika shule za kawaida. Unaigawa sekondari ya eneo zima pande mbili, na huo upande wa pili ndio unaosahaulika watu wanapoeleza dhana hii. Nitaurudia.

Tuanze na jina. Sarufi inayotajwa ni ya Kilatini. Uingereza ya karne za kati na karne zilizofuata, Kilatini ndicho kilichokuwa lugha ya kanisa, ya nyaraka za serikali, ya utabibu na ya vyuo vya Oxford na Cambridge. Mvulana asiyekijua hakuwa na pa kwenda zaidi ya shamba au duka la babake. Kazi ya shule ya sarufi ilikuwa kumpokea akiwa anajua kusoma kidogo, kisha kumpigisha Kilatini miaka na miaka kwa kukariri, kutafsiri na fimbo. Wasichana hawakuhesabiwa kabisa.

Shule ya Grantham huitaja historia yake kuanzia mwaka 1329, lakini aliyeiweka kwenye msingi imara ni Richard Foxe, askofu wa Winchester na mwanzilishi wa chuo cha Corpus Christi, Oxford. Foxe alizaliwa Ropsley, kijiji kilicho karibu na Grantham, na alipofanikiwa hakusahau kwao. Mwaka 1528 aliiwekea shule hiyo wakfu, yaani mali ambayo mapato yake yangemlipa mwalimu. Wasomaji wa pwani hawana haja ya kuelezwa zaidi, maana ni mpango uleule uliojenga misikiti na madrasa nyingi: mwenye mali anaitoa, nayo inaendelea kuhudumia watu baada yake. Baadaye likaja jina la mfalme Edward wa Sita. Utawala wake ulifuta vikanisa vilivyokuwa na mapadri wa kuombea roho za wafu, na kwa kuwa baadhi ya mapadri hao ndio waliokuwa wakifundisha watoto, shule kadhaa zilianzishwa upya kwa hati ya mfalme. Ndiyo sababu unalikuta jina la Edward wa Sita kwenye shule za Birmingham, Stratford-upon-Avon na kwingineko. Mfalme huyo alifariki akiwa na miaka 15, ila kwa kuhesabu majina ya shule ungedhani alitawala nusu karne.

Newton aliingia Grantham mwaka 1655, akiwa na miaka 12. Kwao Woolsthorpe palikuwa mbali mno kwenda na kurudi kila siku, basi akapangishwa kwa mwuza dawa mmoja mjini aitwaye Clark. Jengo la zamani la shule bado lipo, chumba kirefu cha mawe kilichojengwa mwishoni mwa karne ya 15, na kwenye kingo za madirisha wavulana wa vizazi vingi wamechonga majina yao. Mojawapo ni I. NEWTON, na inaaminika ni mkono wake mwenyewe. Wageni huja kulitazama jina hilo, wakati mwanafunzi wa leo akichonga ukutani ataitiwa mzazi.

Habari za masomo yake tunazo kwa sababu yeye mwenyewe alizisimulia uzeeni. Mwanzoni alikuwa karibu na mkia wa darasa. Siku moja mwenzake aliyekuwa juu yake alimpiga teke la tumbo, wakapigana baada ya masomo na Newton akashinda. Kisha akaona haitoshi kumshinda kwa ngumi peke yake, akaanza kusoma kweli mpaka akawa wa kwanza shuleni. Akiwa na miaka kama 17 mama yake alimtoa ili asimamie shamba. Akawa mkulima mbovu wa kupigiwa mfano: kondoo wanapotea, yeye amekaa chini ya ua wa miti na kitabu. Mwalimu mkuu, Henry Stokes, alimsihi mama amrudishe, na inasimuliwa kwamba alikuwa tayari kusamehe shilingi 40 walizotozwa wavulana wa nje ya mji. Mwaka 1661 kijana akaingia Trinity College, Cambridge. Na Kilatini alichopigishwa Grantham hakikwenda bure, kwani kitabu chake kikuu cha mwaka 1687, kinachoeleza sheria za mwendo na mvutano, alikiandika kwa lugha hiyo, kikasomeka Ulaya nzima.

Mwangalie Newton huyu kwa kipimo cha leo. Hakuna aliyemtahini kabla ya kumpokea. Aliingia kwa sababu familia yake iliweza kumgharimia malazi mjini, akawa wa mwisho mwisho kwa muda, akainuka kwa sababu za kwake, na mwalimu mmoja akamfuata hadi nyumbani. Shule ya sarufi ya karne hizo ilichagua kwa jinsia na kwa mfuko wa mzazi. Wazo la kumpima mtoto akili kwanza, ndipo apewe kiti, halikuwamo kabisa.

Karne ya 18 naipita haraka, kwa kuwa shule nyingi za aina hii zilikuwa zimesinzia. Mwalimu mwenye wakfu alikula mshahara uleule awe na wanafunzi mia au watano. Wafanyabiashara wa miji iliyokuwa inakua walitaka watoto wao wafundishwe Kifaransa, Kijerumani na hesabu, lakini wakfu ulisema sarufi. Jambo hilo lilifika mahakamani kwa kesi ya shule ya Leeds, na mwaka 1805 jaji Lord Eldon, akiitegemea kamusi ya Samuel Johnson, akaamua kwamba shule ya sarufi ni ya kufundisha lugha za kale, na fedha za wakfu haziwezi kuhamishiwa kwingine. Ilibidi bunge litunge sheria mwaka 1840 ili mtaala upanuke. Wakati huohuo baadhi ya shule zilikuwa zimepanda bei na kuwaacha watoto wa mtaani kwao. Rugby na Harrow, ambazo leo ni majina ya watu wenye fedha, zilianzishwa karne ya 16 kwa ajili ya wavulana wa eneo lao.

Serikali iliingia kwa nguvu mwaka 1902, halmashauri zilipopewa jukumu la sekondari. Mwaka 1907 ukaja utaratibu kwamba sekondari inayopokea ruzuku iwape watoto wa shule za msingi za umma nafasi za bure, kwa kawaida robo ya nafasi zake. Hapo ndipo mtihani ulipoanza kuwa na uzito, maana nafasi ni chache na wanaozitaka ni wengi. Shule ya wasichana ya Grantham ni zao la miaka hiyo. Ilifunguliwa 1910, na mwaka 1936 ikampokea kwa ufadhili Margaret Roberts, binti wa mwenye duka la vyakula, ambaye baadaye aliolewa akawa Thatcher.

Mwaka 1944 ndio uliozaa shule ya sarufi tunayoizungumzia leo. Sheria ya elimu iliyosimamiwa na waziri R. A. Butler iliifanya sekondari kuwa bure kwa watoto wote. Haikuagiza popote kwamba wagawanywe, lakini wizara na halmashauri nyingi ziliitekeleza kwa mafungu matatu: shule za sarufi kwa wenye kichwa cha vitabu, shule za ufundi, na zilizoitwa sekondari za kisasa kwa waliobaki. Ripoti ya serikali ya mwaka 1943 ilikuwa imedai kwamba watoto wako wa aina tatu za akili, na wanasaikolojia kama Cyril Burt waliamini akili ya kuzaliwa inapimika mapema bila makosa makubwa. Shule za ufundi hazikujengwa za kutosha. Kwa hiyo, kivitendo, mtoto wa miaka 11 alikuwa ama amefaulu ama ameanguka, na kwa wastani aliyefaulu alikuwa mmoja kati ya wanne au watano.

Mtihani wenyewe ulikuwa na hesabu, insha, na maswali ya kupima akili. Hayo ya mwisho ndiyo yaliyojipatia umaarufu. Kwa Kiswahili lingekuwa hivi: ikiwa PAKA huandikwa QBLB, je, MBWA itaandikwaje? Jibu ni NCXB, kila herufi inasogea hatua moja. Haikuhusu chochote ulichofundishwa darasani, na waliotunga waliamini huo ndio uadilifu wake, kwamba mtoto wa dobi na mtoto wa daktari wanakutana na kitu kipya kwa pamoja. Tatizo ni kwamba maswali ya aina hii yanafundishika. Ukishayafanya mia mbili, la mia mbili na moja halikusumbui, na anayemudu kumlipia mtoto tuisheni ya mia mbili anajulikana. Kulikuwa na jambo jingine lililosemwa kwa sauti ya chini: wasichana walipata alama za juu kuliko wavulana, hivyo halmashauri kadhaa ziliweka mstari wa ufaulu tofauti ili viti vigawanywe sawa.

Sasa ule upande wa pili. Sifa zote za shule za sarufi, za mtoto wa mchimba makaa kuishia kuwa profesa, ni za kweli kwa waliopita. Watoto kama watatu kati ya wanne walikwenda sekondari za kisasa, ambako kwa miaka mingi wengi waliondoka wakiwa na miaka 15 bila cheti chochote cha taifa. Barua ya matokeo iliwatenganisha ndugu wa nyumba moja, sare mbili tofauti mlango mmoja. Kwa maoni yangu mfumo huu haukuvunjwa na hasira za maskini peke yao. Watu wa tabaka la kati, waliokuwa na fedha za kodi na sauti kwenye halmashauri, waliona watoto wao wakianguka, na hapo mambo yakabadilika.

Mwaka 1965 waziri Anthony Crosland wa chama cha Labour alitoa waraka namba 10/65, akizitaka halmashauri zipange kuhamia shule za wote, zisizochuja. Wakati huo shule za sarufi zilikuwa karibu 1,300. Mwaka 1970 Labour walishindwa uchaguzi, na waziri mpya wa elimu akawa Margaret Thatcher, yuleyule wa Grantham. Aliufuta waraka huo upesi. Lakini mipango ilikuwa imeshashika kasi, tena hata katika halmashauri za chama chake cha Conservative, na sheria ilimtaka aamue kila ombi peke yake. Kati ya maombi 3,612 yaliyofika mezani kwake alikataa 326 tu. Alipoondoka wizarani mwaka 1974, wanafunzi walio katika shule za wote walikuwa wamepanda kutoka asilimia 32 hadi 62. Binti wa shule ya sarufi, mtetezi wake mkubwa, ndiye aliyeweka saini.

Lincolnshire ni mojawapo ya mikoa iliyogoma, pamoja na Kent na Buckinghamshire. Leo zimebaki shule 163 katika Uingereza yenyewe. Ireland ya Kaskazini inazo zake, Wales na Uskoti hazina hata moja. Watoto wa Grantham hufanya karatasi mbili mwezi Septemba, moja ya maneno na moja ya maumbo na michoro, na alama hurekebishwa kwa umri ili aliyezaliwa Agosti asipunjwe na aliyemtangulia karibu mwaka mzima. Mfuko wa mzazi nao bado haujatoka kwenye hesabu. Katikati ya miaka ya 2010, wanafunzi wanaostahili chakula cha bure kwa sababu ya umaskini walikuwa karibu asilimia 3 katika shule za sarufi, ilhali katika sekondari zote za serikali walizidi asilimia 13.

Sheria ya mwaka 1998 ilikataza kuanzisha shule mpya ya kuchuja na ikawapa wazazi haki ya kupiga kura kuziondoa zilizopo. Kura imepigwa mara moja tu, mjini Ripon mwaka 2000, na wazazi wakaamua shule yao ibaki, kwa takribani wawili dhidi ya mmoja. Theresa May, aliyekuwa waziri mkuu, alitaka katazo liondolewe mwaka 2016, akaliacha baada ya uchaguzi wa 2017 kumnyima wingi wa wabunge. Ila sheria haikuzizuia za zamani kutanuka. Shule moja ya Tonbridge, huko Kent, ilifungua tawi Sevenoaks mwaka 2017, mji mwingine kabisa, na kwa kuwa ilihesabiwa kama upanuzi wa shule iliyopo, idadi ilibaki 163.