Kiberiti kwenye ngazi za mahakama: kesi ya kuchoma kadi ya jeshi Marekani

Kila tunapofundisha uhuru wa maoni kwa kesi ya Wamarekani waliochoma kadi zao za kuandikishwa jeshini, kuna mtu atauliza: "Mwalimu, kadi ni yangu, jina ni langu, kiberiti nimenunua mwenyewe. Kosa liko wapi?" Mara nyingi anayeuliza ana Muhammad Ali kichwani, kwa hiyo nalazimika kuanza kwa kunyoosha mambo. Ali hakushtakiwa kwa kuchoma kadi. Tarehe 28 Aprili 1967, mjini Houston, jina lake liliitwa ili aingizwe jeshini, akakataa kupiga hatua mbele. Alihukumiwa kifungo cha miaka 5 na faini ya dola 10,000 kwa kukataa kuingia jeshini, na mwaka 1971 Mahakama ya Juu ikaifuta hukumu hiyo. Waliochoma kadi walitungiwa kifungu chao.

Kadi yenyewe ilikuwa kitu kidogo. Wakati wa vita vya Vietnam, kijana wa kiume wa Marekani akitimiza miaka 18 alitakiwa kujiandikisha kwenye bodi ya eneo lake. Alipewa kadi nyeupe ya kama inchi 2 kwa 3, ndogo kidogo kuliko kadi ya benki, yenye jina, namba, anwani, tarehe ya kuzaliwa, maelezo ya umbo lake na saini. Baadaye alipokea kadi ya pili inayoonyesha daraja lake: anaweza kuitwa wakati wowote, ameahirishiwa kwa sababu ya masomo, au hafai kiafya. Kanuni zilimtaka awe nazo muda wote. Msomaji wa Kenya aliyesimuliwa na wazee habari za kipande, kile kitambulisho cha lazima cha enzi za ukoloni, hatahitaji kuelezwa karatasi ya aina hii inavyoweza kumkera mtu, ingawa hii haikuning'inizwa shingoni.

Ilikuwa tayari ni kosa kughushi kadi au kubadilisha maandishi yake. Kukutwa huna kadi pia lilikuwa kosa. Kisha mwaka 1965, vijana walipoanza kuzichoma kwenye mikutano ya kupinga vita, Bunge la Congress likaongeza maneno machache: kuharibu kwa kujua, na kuchanachana kwa kujua. Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa kura 393 dhidi ya 1, na Rais Lyndon Johnson akatia saini tarehe 30 Agosti 1965. Adhabu ilikuwa hadi miaka 5 jela, faini hadi dola 10,000, au vyote viwili. Hapo mwanasheria lazima ajiulize: ikiwa kutokuwa na kadi lilikuwa kosa tayari, kifungu kipya kilikuja kuziba pengo gani? Ripoti za kamati za Bunge hazikuficha. Kilichowaudhi ni watu kuziharibu kadi hadharani, kwa ukaidi.

Wa kwanza kushtakiwa alikuwa David Miller, mfuasi wa Catholic Worker, vuguvugu la Wakatoliki wanaopinga vita. Tarehe 15 Oktoba 1965 alipanda jukwaani karibu na kituo cha kuandikisha askari cha Whitehall Street, New York. Kiberiti kikazimwa na upepo. Ikabidi apewe cha gesi ndipo kadi ikashika moto. Alihukumiwa miaka 2 na nusu, na mahakama ya rufaa ikakubaliana na hukumu hiyo. Mahakama ya Juu ilikataa kusikiliza shauri lake.

Kesi iliyoweka msingi ni ya David Paul O'Brien. Asubuhi ya tarehe 31 Machi 1966, yeye na wenzake watatu walisimama kwenye ngazi za jengo la mahakama, South Boston, wakachoma kadi zao mbele ya umati. Ndani ya umati huo walikuwemo maofisa wa FBI. Kadi zilipoteketea, baadhi ya watu wakawavamia vijana hao kwa kipigo, na ofisa mmoja wa FBI ndiye aliyemwingiza O'Brien ndani ya mahakama asiumizwe. Akaelezwa haki yake ya kunyamaza na ya kuwa na wakili. Hakunyamaza. Alisema amechoma kadi kwa sababu ya imani yake, na anajua amevunja sheria. Kisha akatoa mabaki yake, kipande kilichoungua, akakubali kipigwe picha. Upande wa mashtaka ungetaka ushahidi gani zaidi?

Mbele ya jopo la raia wanaoamua hatia, O'Brien alijitetea mwenyewe. Hakubisha kwamba alichoma. Hoja yake ilikuwa kwamba alifanya hivyo hadharani ili wengine waufikirie upya msimamo wao kuhusu vita na jeshi. Kwa maneno mengine, moto ule ulikuwa hotuba. Alitiwa hatiani, akahukumiwa chini ya sheria ya vijana wakosaji kuwekwa chini ya uangalizi kwa muda usiozidi miaka 6.

Mahakama ya rufaa ilitoa uamuzi ambao kila upande uliondoka nao nusu nusu. Ilisema marekebisho ya 1965 yanakiuka Katiba, maana yanawalenga wanaopinga hadharani wakati kanuni ya kubeba kadi ingetosha. Lakini ikasema hatia yake ibaki, kwa kosa dogo la kutokuwa na kadi. Basi wote wawili, serikali na O'Brien, wakapanda juu.

Tarehe 27 Mei 1968 Mahakama ya Juu iliamua kwamba O'Brien ameshindwa, kwa kura 7 dhidi ya 1. Jaji Mkuu Earl Warren, aliyeandika hukumu, alikataa wazo kwamba kitendo chochote kigeuke kuwa maoni kwa kuwa tu mtendaji anataka kueleza jambo. Pale tendo na maoni vinapochanganyika, akasema, serikali inaweza kuzuia tendo ikitimiza masharti manne. Iwe na mamlaka kikatiba ya kutunga sheria hiyo. Sheria isaidie jambo lenye uzito kwa taifa. Jambo hilo lisiwe na uhusiano na kuzima maoni. Na kama maoni yataguswa, yaguswe kwa kiasi kisichozidi kile kinachohitajika.

Sharti la tatu ndilo roho ya kipimo hiki. Chukua mfano wa matairi. Sheria inayokataza kuchoma matairi barabarani kwa sababu ya moshi na usalama wa magari haijali kama unashangilia timu au unailaani serikali, wote mtaondolewa. Lakini sheria inayokataza kuchoma ilani ya chama tawala peke yake haina habari na moshi. Hiyo inafuata ujumbe.

Mahakama ikasema sheria ya kadi iko upande wa matairi. Kadi humthibitishia mwenyewe na wakubwa kwamba ameandikishwa, hurahisisha mawasiliano na bodi, husaidia kumpata haraka wakati wa dharura, huzuia udanganyifu, na humkumbusha kutoa taarifa akihama. Hiyo ya mwisho hunichekesha. Sidhani yupo kijana aliyechoma kadi mbele ya FBI kwa sababu ya kusahau anwani ya bodi yake.

Kuhusu ripoti za kamati, Warren alisema mahakama haiwezi kufuta sheria, ambayo sura yake ni halali, kwa madai kwamba waliotunga walikuwa na nia mbaya. Kilichomsukuma mbunge mmoja kusema si lazima ndicho kilichowasukuma mamia kupiga kura. Kama kanuni, naielewa. Katika shauri hili, kwa maoni yangu, mahakama iligeuza uso pembeni kwa makusudi. Tena iliziambatisha ripoti hizo kwenye hukumu yake, kila mtu azisome. Jaji William Douglas, aliyepinga peke yake, alikuwa na swali jingine kabisa: je, serikali inaweza kuwalazimisha watu kuingia jeshini bila vita kutangazwa rasmi? Wenzake hawakutaka kulisikiliza.

Kulikuwa na bodi ambazo hazikuhitaji hata mahakama. Baadhi ya bodi za uandikishaji ziliwaadhibu waliorudisha kadi kwa kuwasogeza mbele kwenye foleni ya kuitwa. David Gutknecht alikuwa ameiacha kadi yake miguuni pa ofisa wa mahakama ya shirikisho huko Minneapolis; bodi ikamtangaza mkaidi na kumwita jeshini. Mwaka 1970 Mahakama ya Juu ilisema bodi haikupewa na Bunge mamlaka ya kuadhibu kwa namna hiyo. Ukitaka kumwadhibu mtu kwa kadi, mfikishe mahakamani.

Kipimo kilichomwangusha O'Brien kimewasaidia wengine baadaye. Mwaka 1989, katika kesi ya jimbo la Texas dhidi ya Gregory Lee Johnson, mwandamanaji aliyechoma bendera ya Marekani, serikali ilishindwa kuonyesha sababu isiyohusu ujumbe, na Johnson akashinda kwa kura 5 dhidi ya 4. Ndiyo maana nchini humo kuchoma bendera uliyonunua kama maandamano kunalindwa na Katiba, na kuchoma kadi ya karatasi yenye jina lako ni kosa la jinai.

Kuita watu jeshini kwa lazima kulikoma mwaka 1973. Mwaka 1977 Rais Jimmy Carter aliwasamehe waliovunja sheria ya uandikishaji wakati wa vita, isipokuwa waliotumia nguvu. Ni Carter huyo huyo aliyerudisha uandikishaji mwaka 1980, na unaendelea hadi leo. Hili linawahusu pia vijana wetu waliohamia huko: mwanamume wa miaka 18 hadi 25 mwenye ukaazi wa kudumu, au aliyepokelewa kama mkimbizi, anatakiwa awe kwenye daftari hilo hata kama si raia. Asipokuwemo, ofisa wa uhamiaji anaweza kumuuliza siku atakapoomba uraia. Na kile kifungu cha kuharibu kadi kwa kujua bado kipo kwenye vitabu vya sheria.