Sitapu kila siku: dhana potofu kuhusu mazoezi ya tumbo

Anayeuliza namna ya kupata tumbo imara hujibiwa haraka: piga sitapu (lala chali, inuka hadi ukae, rudi chini) kila siku, asubuhi na jioni, mpaka uhesabu mia. Jibu hilo limebeba dhana kadhaa zilizoshikamana. Nyingine zina chembe ya ukweli, nyingine hazina hata chembe.

"Misuli ya tumbo haichoki, ifanyishe kazi kila siku"

Chembe ya ukweli ipo. Misuli inayoshikilia kiwiliwili hufanya kazi kutwa: ukisimama, ukitembea, ukikohoa. Lakini hiyo ni kazi nyepesi. Msuli uliobebeshwa mzigo mzito kuliko ulivyozoea unahitaji muda wa kujijenga, kwa kawaida saa 48 hivi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi kwa wiki. Tumbo halina sheria yake peke yake. Siku 3 zisizofuatana zinatosha.

Mtu akiona anafanya zoezi lilelile kila siku bila maumivu, hudhani amekuwa chuma. Kumbe zoezi limeshakuwa jepesi. Aliyetoka sitapu 20 akafika 100 ameongeza ustahimilivu, ila nguvu zake hazijasogea sana. Ukimaliza marudio 20 bila kutetereka, usiongeze idadi. Badili mkao au ongeza mzigo.

"Sitapu ndiyo mama wa mazoezi yote ya tumbo"

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Ile misuli inayojichora vipande vipande kwa mbele ni sehemu moja tu ya kazi. Pembeni kuna misuli inayopita mshazari, na chini yake kabisa kuna msuli mpana unaozunguka tumbo kama mshipi. Juu kuna kiwambo tunachopumulia, chini sakafu ya nyonga, yaani misuli inayofunga nyonga kwa chini, nyuma misuli iliyoshika pingili za mgongo. Makalio nayo yamo. Kazi kubwa ya kundi hili lote ni kuuzuia mgongo usipinde wala kujisokota ovyo pale mikono na miguu inapobeba mzigo.

Sitapu hufanya kinyume: huukunja mgongo mara kwa mara. Tena misuli ya tumbo huongoza mwanzoni tu, mabega yanapoachana na sakafu. Kuanzia hapo hadi kukaa wima, misuli inayokunja nyonga ndiyo inayovuta, na imejishikiza kwenye pingili za kiunoni. Mwenzako akikushikilia miguu, mvuto huo unazidi. Ndiyo maana wengi humaliza sitapu wakilalamikia kiuno.

Stuart McGill, mtafiti wa mgongo wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Canada, alipima maabara mgandamizo unaoupata mgongo na kupata takriban nyutoni 3,300 kwa sitapu moja, karibu sawa na uzito wa kilo 330. Mgongo wenye afya unaweza kuustahimili. Tatizo ni kuurudia mara mia kila siku. Hata majeshi yamebadilika: Jeshi la Wanamaji la Marekani liliondoa zoezi la kujikunja kwenye mtihani wake wa mwaka 2021 na kuweka planki, yaani kujishikilia kifudifudi kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka.

Hii haina maana kwamba sitapu ni sumu. Mwenye mgongo mzima akifanya chache kwa utaratibu hatadhurika. Ila kama lengo ni kiwiliwili imara, kuna mazoezi yanayolipa zaidi.

"Planki ya dakika tano ndiyo nguvu"

Planki ya dakika tano inapendeza kwenye simu, basi. Misuli ikichoka, kiuno hushuka, na mzigo unahamia kwenye maungio ya mgongo. Kuanzia hapo hujengi tumbo tena, unahesabu sekunde tu.

Weka viwiko chini ya mabega kabisa. Kaza makalio, kaza tumbo kama mtu anayengoja kupigwa ngumi, tazama sakafu kati ya mikono. Endelea kupumua. Shikilia sekunde 10, shuka, pumua mara mbili tatu, rudia mara 6. Pumzika, kisha fanya mara 4, halafu mara 2. Ikiwa rahisi, sogeza viwiko mbele kidogo au nyanyua mguu mmoja. Mwenye shinikizo la damu asibane pumzi hata kidogo.

Ongeza planki ya ubavu, yaani ya kujishikilia kwa kiwiko kimoja ukiwa umelalia ubavu, kulia na kushoto, na zoezi la mkao wa kutambaa: nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, sekunde 10, kisha badili. Kosa la kawaida ni kurusha mguu juu mpaka kiuno kibonyee. Kisigino kisipite usawa wa makalio. Haya mawili ni mepesi kwa mgongo, na ukipenda unaweza kuyafanya kila siku. Dhana ya "kila siku" ingekuwa na maana hapa kuliko kwenye sitapu.

"Mazoezi ya tumbo huyeyusha kitambi"

Hapana. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1984, wanaume walipiga sitapu 5,004 kila mmoja kwa siku 27. Seli za mafuta zilizochukuliwa tumboni hazikupungua kuliko za mgongoni na makalioni. Mwili huchota mafuta kwa mpango wake, haujali msuli upi umefanya kazi. Kitambi hupunguzwa na chakula, mwendo wa mwili mzima na muda. Mkanda wa kutoa jasho hupunguza maji, na maji hurudi kwa glasi mbili.

Kwa mama aliyejifungua jambo ni zito zaidi. Misuli ya mbele huachana wakati wa ujauzito. Ajipime hivi: alale chali, akunje magoti, aweke vidole juu kidogo ya kitovu, ainue kichwa. Pengo likizidi vidole viwili, au tumbo likichomoza katikati kama tuta, sitapu ziachwe kwanza na amwone mtaalamu wa fiziotherapia. Aliyejifungua kwa upasuaji asubiri ruhusa ya daktari.

"Ukiamka tu, kabla hata ya kunawa uso"

Usiku diski za mgongo, zile pedi laini zilizo kati ya pingili, hunywa maji na kuvimba, ndiyo maana asubuhi tunakuwa warefu kidogo. Diski zikiwa hivyo, kuinama na kujikunja hubana zaidi. Ngoja kama saa moja, fanya shughuli zako ukiwa wima, ndipo uanze.

"Bila jimu huwezi kuongeza mzigo"

Dumu linatosha. Dumu la lita 10 likijaa maji ni kilo 10, na zaidi ya hapo ni uzito wa dumu lenyewe. Libebe kwa mkono mmoja pembeni ya paja, mkono mwingine ukiwa mtupu, utembee hatua 30 polepole, kisha ubadili mkono. Mara 3 kila upande. Misuli ya ubavu wa pili ndiyo inayokuzuia usianguke upande wa dumu. Ukijikuta umeinama, au bega limeshuka, mwaga lita mbili. Ukizoea, nenda kwenye la lita 20. Dumu la nusu ni gumu kwa namna yake kwa sababu maji hucheza ndani, kwa hiyo anza na lililojaa. Maumivu yakishuka mguuni au kukiwa na ganzi, weka dumu chini, nenda hospitali.