Timu ya taifa haijengwi siku ya kutaja kikosi: dhana potofu kuhusu BuzzerBeater

Kila Ijumaa jioni tunakutana watu wanne au watano kwenye kibanda cha fundi wa simu pale Kondele, Kisumu, kila mmoja ameinamia simu yake. Wapita njia hudhani tunasubiri matokeo ya mikeka. Kumbe tunasoma ripoti ya mazoezi ya wiki, kuona kama kijana wetu wa miaka 19 amepanda ngazi moja ya ulinzi wa nje, yaani kumkaba mtu anayecheza mbali na ringi.

Mchezo wenyewe ni BuzzerBeater, ulioko mtandaoni tangu 2007. Unakabidhiwa klabu ya mpira wa kikapu. Unapanga kikosi, unafunza wachezaji, unanunua na kuuza mnadani, unalipa mishahara. Mpira hurushi wewe. Kompyuta ndiyo inayochezesha mechi kwa kufuata mipango yako na uwezo wa watu wako. Juu ya klabu kuna timu za taifa, mbili kwa kila nchi: ya wakubwa, na ya vijana wasiozidi miaka 21. Hizo ndizo zinazozungumzwa sana na kueleweka kidogo. Maneno ninayoyasahihisha hapa nimeyasikia Kondele, nimeyasikia Nakuru kwa shemeji yangu, na mengine niliyaamini msimu mzima. Nayaandika kwa sababu kila msimu naona kijana mwenye uwezo akiharibika mikononi mwa mtu mwenye nia njema aliyeambiwa vibaya.

Dhana: Kocha wa timu ya taifa ndiye anayeijenga

Hii ndiyo mama wa dhana zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Kocha wa timu ya taifa huchaguliwa kwa kura na mameneja wa nchi husika. Akishinda, hapewi hata shilingi ya kununulia mchezaji. Hana uwanja wa mazoezi. Hawezi kumwamuru mtu yeyote amchezeshe kijana fulani. Wachezaji ni mali ya klabu, na klabu ndizo zinazowafunza na kuwalipa. Yeye anatazama wananchi wote wa nchi yake popote walipo, anawaita wanaofaa, anapanga mbinu, basi. Siku anapotaja kikosi, sehemu kubwa ya kazi ilishafanywa au ilishaharibiwa misimu mitatu au minne nyuma.

Ili uone kazi yenyewe iko wapi, tazama hesabu ya dakika. Klabu hufunza ujuzi mmoja kwa wiki, na mazoezi huwafikia wale waliocheza nafasi inayofunzwa. Mchezaji akitaka mazoezi kamili anahitaji dakika 48 katika nafasi hiyo. Kwa kawaida klabu ina mechi tatu kwa wiki, na kila mechi ina dakika 48. Maana yake nafasi moja ina dakika 144 kwa wiki, zinazotosha watu watatu tu. Ukifunza nafasi mbili kwa pamoja unawafikia sita, lakini kila mmoja anapanda polepole zaidi. Hakuna njia ya mkato hapo. Kila dakika anayopewa kijana ni dakika aliyonyimwa mchezaji mkomavu ambaye angekushindia mechi.

Binamu yangu wa Manyatta alikuwa na senta, yaani mchezaji wa chini ya ringi, wa miaka 19 aliyekuwa akitazamwa na timu ya vijana. Kijana alikuwa mzuri chini ya ringi, lakini ulinzi wake wa nje ulikuwa hafifu, na ulinzi wa nje hufunzwa walinzi, yaani magadi wanaocheza mbali na ringi. Basi ilibidi senta yule achezeshwe nafasi ya pointi gadi, yule anayeongoza mpira, dakika 48 kila wiki. Nilikuwa nimeketi karibu naye Jumamosi moja tukitazama mechi. Senta alipokea mpira katikati ya uwanja, akapokonywa. Akapokea tena, akapokonywa tena. Kufikia robo ya nne timu ilikuwa nyuma kwa zaidi ya pointi 20. Nikamwambia, "Omera, huyu angetolewa basi." Akatazama dakika za kijana: 41. Akasema, "Bado saba."

Alipoteza mechi ile, na nyingine baada yake, na mwisho wa msimu alikuwa chini kabisa kwenye jedwali. Senta akaitwa timu ya vijana. Kwenye ukurasa wa timu ya taifa linaonekana jina la kocha. Kwangu mimi zile dakika saba ndizo zilizoijenga ile timu, na hazijaandikwa popote.

Dhana: Mrefu ndiye senta

Tunaijua ilikotoka. Kwenye viwanja vya shule huku kwetu, Maseno hadi Kakamega, mvulana mrefu huitwa kwanza na kusimamishwa chini ya ringi kabla hajaulizwa kama anajua kudaka mpira. Katika mpira halisi urefu una faida yake, hakuna anayebisha.

Ndani ya BuzzerBeater, urefu hauchezi mechi. Mchezaji wa sentimita 196 na mwingine wa sentimita 218 wakiwa na ujuzi uleule kabisa, watacheza sawa. Urefu unaathiri mazoezi peke yake: warefu hujifunza haraka mambo ya ndani, yaani kufunga karibu na ringi, ulinzi wa ndani, ribaundi (kudaka mpira uliokosa kikapu) na kuzuia mitupo; wafupi hujifunza haraka pasi, kuchenga na ulinzi wa nje.

Mimi niliponzwa na jambo hili. Nilikuwa na kijana wa urefu wa wastani, ribaundi zake nzuri, na tayari ana pasi na uchengaji ambao senta wengi hawaupati maisha yao yote. Nikamuuza ili nimnunue jitu la sentimita 218 lisilo na kitu zaidi ya ule urefu. Niliyemuuza alifunzwa ya ndani na klabu nyingine. Ilichukua muda mrefu kidogo kuliko ingechukua kwa mrefu, lakini alipomaliza alikuwa na kila kitu. Wangu alifika mahali akawa mzuri chini ya ringi na kipofu kila mahali pengine, na kumfundisha ya nje kukawa kama kuchota maji ya ziwa kwa kijiko.

Siku hizi nikimtathmini kijana, urefu nautazama mwisho. Natazama kwanza ule ujuzi utakaokuwa mgumu kumfundisha baadaye, kama anao tayari.

Dhana: Kipaji kikubwa maana yake atafika

Kila mchezaji ana kiwango cha kipaji, na viwango viko 12, kuanzia yule ambaye mchezo unamwona anafaa utangazaji tu, hadi wa daraja la magwiji wa nyakati zote. Watu wakiona kiwango cha juu mnadani wanapandisha dau kama wamerogwa.

Kipaji kinaonyesha mchezaji anaweza kufika umbali gani kabla mazoezi hayajaanza kukwama. Hakiongezi kasi. Vijana wawili wa umri mmoja, urefu mmoja na ujuzi mmoja, mmoja akiwa na kipaji cha juu kabisa na mwingine cha kati, watapanda kwa mwendo uleule mpaka yule wa kati akaribie dari lake. Kinachobadilisha kasi ni umri, urefu, ubora wa mkufunzi uliyemwajiri, na ujuzi mwingine unaohusiana na ule unaofunzwa.

Umri ndio unaouma zaidi. Vijana huingia kwenye mchezo wakiwa na miaka 18 au 19, na kila mwaka unaopita wanajifunza polepole zaidi. Msimu mmoja una wiki 14, na mchezaji huongeza mwaka mmoja kila msimu. Aliyeingia na miaka 18 ana misimu minne kabla hajavuka umri wa timu ya vijana: wiki 56 hivi. Hizo ni Ijumaa 56 tu, na ya kwanza ina thamani kuliko ya mwisho. Nimeona kijana wa kipaji kikubwa akinunuliwa kwa bei ya juu, kisha anakalishwa benchi msimu mzima kwa sababu mwenyewe anapigania kupanda daraja. Ijumaa 14 bora za maisha yake zimekwenda, na hakuna pesa ya kuzirudisha.

Kwa timu ya vijana, kijana wa kipaji cha wastani aliyefunzwa kila wiki tangu siku ya kwanza atamzidi yule mwenye kipaji kikubwa aliyechelewa. Kwa timu ya wakubwa mambo hubadilika, kwa sababu huko miaka ipo ya kufikia dari, na dari la chini litamzuia.

Dhana: Mwenye mshahara mkubwa ndiye bora

Mshahara hupangwa upya kila msimu kulingana na ujuzi, na hupanda sana mchezaji akirundikiwa ujuzi mkuu wa nafasi moja. Kwa hiyo senta wa ribaundi, ulinzi wa ndani na kufunga karibu, bila kingine chochote, anaweza kuwa ghali kuliko senta mwenye uwiano ambaye pia anatoa pasi na kumlinda mtu anayerusha kutoka mbali. Kocha makini humchukua wa pili. Kumbuka pia kwamba timu ya taifa hailipi mishahara. Mzigo ni wa klabu. Anayekubali kumjenga mchezaji wa taifa anakubali kumlisha.

Dhana: Acheze kila dakika ili awe tayari

La. Mchezaji mwenye kati ya dakika 50 na 70 hivi kwa wiki hukaa katika hali nzuri. Akizidishiwa sana, fomu inashuka. Akikosa kucheza, inashuka pia. Kocha wa taifa humwita mtu kisha anakuta amechoshwa na klabu yake.

Na nguvu za mechi ni vilevile. Kuna wanaomlaumu kocha kwa "kutojituma" dhidi ya timu dhaifu. Ukicheza kwa nguvu zote leo, ari ya timu inapungua kwa mechi zijazo. Kocha anayeishinda timu dhaifu kwa pointi sita huku akiweka akiba anajua anachofanya.

Dhana: Mchezaji akinunuliwa na wageni, tumempoteza

Utaifa wa mchezaji ndani ya BuzzerBeater haubadiliki. Anaweza kununuliwa na klabu ya Italia au ya Argentina, akafunzwa huko miaka yote, na bado ataitwa na nchi alikotoka. Hakuna kubadilisha uraia, hata kwa mchezaji mmoja, tofauti na mpira halisi ambako FIBA, shirikisho la kimataifa la kikapu, inaruhusu timu moja kuwa na mchezaji mmoja aliyepata uraia baada ya kutimiza miaka 16.

Kwa nchi ndogo za mchezo huu, wageni ni baraka. Kila ligi ina timu 16, na kila msimu vijana wapya huja 48 kwa ligi. Nchi yenye ligi nyingi inachagua kutoka kundi kubwa. Nchi yenye ligi moja ina 48 hao, na wengi wao hawafai. Ukipata wawili wazuri na mameneja wako wenyewe ni wachache, utawafunzia wapi? Mkufunzi bora na nafasi ya bure anaweza kuwa mtu usiyemjua, wa lugha nyingine.

Sisi Wakenya hili lisitushangaze. Februari 2021, pale Yaoundé, timu yetu ya taifa ya kikapu, Morans, iliishinda Angola 74 kwa 73, na kikapu cha mwisho kabisa kilifungwa na Tylor Ongwae, ambaye wakati huo alikuwa akichezea Bakken Bears ya Denmark. Angola walikuwa mabingwa wa Afrika mara 11. Sisi hatukuwa tumecheza AfroBasket, mashindano ya ubingwa wa Afrika, tangu 1993. Kocha aliyekuwa kando ya uwanja, Liz Mills, ni Mwaustralia. Majirani zetu Sudan Kusini, nchi iliyopata uhuru 2011, walifungwa na Marekani kwa pointi moja tu, 101 kwa 100, jijini London mwezi Julai 2024, kwa wachezaji waliotawanyika katika ligi za mabara kadhaa. Mchezaji kuwa mbali si mchezaji kupotea.

Kinachotakiwa ni mtu wa kuandika barua. Mimi humsaidia kocha wa vijana wa nchi moja ndogo kufuatilia wachezaji, na kazi yangu kubwa ni kuwaandikia wenye klabu. Nimejifunza kutoanza na "tunataka umfunze hivi". Naanza kwa kumshukuru kwa kumtunza kijana wetu, nauliza mipango yake, ndipo nasema tunachokiona na kwa nini. Wengine hawajibu. Wengine wanakataa kwa heshima, kwa sababu wana ubingwa wa kupigania, na nawaelewa.

Wiki mbili zilizopita nilimwandikia meneja mmoja wa Ulaya ambaye ana mlinzi wetu wa miaka 18. Alikuwa akimchezesha dakika kumi na mbili, kumi na tano kwa wiki. Nikamwekea hesabu ya zile Ijumaa 56, nikamwonyesha ni ngapi zimeshapita. Jibu lilikuja Alhamisi usiku, mistari miwili. Alisema ana pengo kwenye nafasi ya mlinzi na hakuwa amefikiria kumpa mtoto. Jana tulipofungua simu pale Kondele, safu ya dakika ilisoma 48.