Vaskulaitisi ya IgA: koo limepona, sasa miguu inatoka madoa

Huku Arusha ikifika mwezi wa sita wa saba, baridi imeshuka na vumbi liko juu, mafindofindo ndo usiseme. Mtu anapita duka la dawa Mbauda anapewa amoksilini, anameza siku tatu, koo likiacha kuuma zinazobaki anazitupia kwenye droo. Sasa wiki moja mbili baadaye anavua soksi jioni anakuta vidoa kwenye vifundo vya miguu, kesho yake vimepanda mpaka mapajani na makalioni, magoti nayo yanauma kama katembea kutoka Moshi. Wa kwanza atamwambia ni aleji, wa pili atauliza jana ulikula nini, wa tatu ataanza kumtafuta mbaya wake.

Mojawapo ya vitu vinavyoleta hali hiyo inaitwa vaskulaitisi ya IgA. Vaskulaitisi yenyewe ni pale kuta za mishipa ya damu zinapovimba na kuharibika, na hapa watu wengi wanachanganya, siyo kwamba bakteria kaingia kwenye mshipa akautafuna, hapana, ni kinga ya mwili wako mwenyewe. IgA ni kingamwili ambayo kazi yake kubwa ni kulinda koo, njia ya hewa na utumbo, sasa bakteria wa koo wakija, hasa wale wanaoitwa streptokoka, mwili unaitengeneza kwa wingi, na kwa baadhi ya watu inatoka ikiwa na kasoro, inashikana mafungumafungu yanayozunguka na damu halafu yanaenda kunasa kwenye vile vimishipa vidogo kabisa vya ngozi, utumbo, maungio na figo. Yakinasa pale kinga inayashambulia na ukuta wa mshipa unaumia humohumo. Ni kama mfongo, ule mfereji wa maji ya shamba kule Kibosho, ukingo wake ukishalainika, maji bado yanapita lakini mengine yanavuja pembeni shambani. Vile vidoa ndo damu iliyovuja chini ya ngozi, na vinaanzia miguuni kwa sababu ndiko damu inakoelemea ukisimama, kwa hiyo anayeshinda wima sokoni Kilombero kutwa nzima anaweza kuona vinaongezeka jioni.

Kwenye ngozi zetu nyeusi usitafute wekundu ulio kwenye picha za vitabuni. Vinaonekana vyeusi au vya zambarau iliyokolea, kama damu iliyovilia, na wakati mwingine kidole kinagundua kabla ya jicho maana ukipapasa unasikia vimeinuka kidogo. Chukua glasi safi inayoonyesha uigandamize juu ya doa, upele wa kawaida wa aleji ukigandamizwa unafifia ila hivi vinabaki vilevile. Lakini kama mtu ana homa kali, shingo imekaza au kachanganyikiwa, na vidoa vya namna hiyo vinatoka kwa kasi, achana na glasi kabisa, hiyo inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, tafuta usafiri hospitali saa hiyohiyo.

Ugonjwa una jina la zamani pia, Henoch-Schönlein, madaktari wawili wa Ujerumani wa karne ya 19. Hili la IgA lilipitishwa 2012. Kwenye cheti unaweza kukuta lolote kati ya hayo.

Zaidi ya asilimia 90 ya wanaoupata ni watoto, na wengi wao unapita wenyewe ndani ya wiki kadhaa. Ndo maana mtu mzima akienda anaweza kuambiwa ni kitu kidogo, na hapa ndo mimi naumia, kwa sababu mtu mzima ndiye ambaye figo zinaguswa mara nyingi zaidi na zikiguswa zinachelewa kupona, wengine zinaishia kushindwa kabisa. Na figo haziumi jamani. Ngozi inaweza kuwa imeshasafika, magoti yametulia, umerudi kazini, huku figo zinapitisha damu na protini na wewe mkojo unauona ni wa kawaida tu.

Kwa hiyo omba upimwe mkojo. Ni kile kipimo cha kijiti tu, kinachovywa kwenye kikopo, inasubiriwa kama dakika moja, visehemu vya damu na protini vinabadilika rangi kama kuna shida, hata zahanati nyingi za mtaani wanacho. Presha nayo ipimwe, na damu iangaliwe kriatini, taka ambayo figo zinatakiwa kuitoa. Kipimo kimoja kikiwa safi hakitoshi, inabidi kurudia rudia kwa angalau miezi 6 maana figo zinaweza kuguswa baadaye. Kuthibitisha kabisa daktari anakata kipande kidogo cha ngozi kikaangaliwe kama kina IgA, na kwa ukanda wetu ngozi ndo wana wataalamu wake pale hospitali ya KCMC Moshi, wana kituo kinachofundisha madaktari wa ngozi tangu miaka ya 90. Watapima pia vitu vingine vinavyofanana, chembe sahani zinazosaidia damu kuganda, homa ya ini, VVU, kaswende.

Dawa sasa. Antibayotiki inaua bakteria kama bado wapo, mishipa haitulizi. Maumivu ya tumbo au maungio yakizidi wanatoa predinisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe na kinga, ila yenyewe haizuii figo kuguswa, na kama protini inatoka kuna dawa za presha zinazosaidia kuipunguza. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya kujinunulia kwa ajili ya magoti, acha kabisa mpaka figo zijulikane zikoje, na tumbo likisokota au choo kikitoka na damu au cheusi tii hiyo ni ya kwenda siku hiyohiyo. Dada aliyewahi kuugua akipata ujauzito amwambie nesi wa kliniki mapema, presha na mkojo wake vifuatiliwe kwa karibu zaidi. Na unaweza kujirudia, mara nyingi ndani ya miezi ya mwanzo, mafua au koo jingine tu vidoa vinatoka tena, sasa hapo ni kurudi na kuanza upya kupima mkojo.